Maiti ya Mwenzako Si Sababu ya Kushukuru

Jumapili iliyopita, ibada ya pili, kabla ya neno. Mwinjilisti mgeni kashika maiki, jasho limeshaanza kumtoka. "Bwana asifiwe!" Amen. "Nimesema Bwana asifiwe!" Amen ya pili, ile ya kukamuliwa. Halafu akatuamuru tugeukiane. "Mwambie jirani yako: usiku wa kuamkia leo wangapi wamelala mochwari? Wangapi wako ICU wanapumulia mashine? Wewe ni nani hata umeamka mzima? Mpigie Mungu makofi!"

Mnajua ninachosema. Kama unasali popote kuanzia Tunduma mpaka Tarime, umeshageuzwa hivyo mara nyingi kuliko ulivyobarikiwa.

Nikageuka. Kulia kwangu alikuwa mama wa makamo, kitenge cha zambarau, kilemba kimefungwa harakaharaka. Simfahamu. Nikaanza, "Usiku wa kuamkia leo wangapi..." kwa ule uvivu wa mtu anayesoma tangazo la vikao. Akanishika mkono, akasogea sikioni.

"Mdogo wangu yuko huko, mwanangu. Tangu Alhamisi. Tunasubiri ndugu wa Songea wafike."

Makofi yakapigwa. Kinanda kikapanda juu. Nikasema "pole sana, mama," akanijibu "ahsante, tunamshukuru Mungu," kama mtu aliyeulizwa habari za asubuhi, akageuka mbele akaendelea na ibada. Mahubiri ya siku ile siyakumbuki hata kichwa chake.

Nimeikalia hasira hii wiki nzima, sasa naimwaga hapa.

Hebu tuifuate hoja yenyewe mpaka inapotufikisha. Nimshukuru Mungu kwa kuwa mimi nimeamka na fulani hakuamka. Sawa. Fulani ana mama yake. Huyo mama Jumapili hii ashukuru kwa lipi? Kwa kuwa yeye kafiwa na mmoja na jirani kafiwa na wawili? Na wa wawili amtafute wa watatu? Twendeni hivyohivyo mpaka mwisho wa foleni, tutamkuta mtu mmoja aliye chini ya wote, hana tena wa kumtazama, na kwa hesabu zetu huyo peke yake duniani hadaiwi shukrani yoyote. Sisi wengine tumepanga foleni mgongoni kwake, tunapiga makofi.

Biblia inayo sala ya namna hii, na inaanza na shukrani kabisa. "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Luka 18, mstari wa 11. Farisayo tumemcheka weee, tumemfanyia na maigizo ya shule ya Jumapili, mtoto kabandikwa ndevu za pamba. Lakini msome tena taratibu. Hakuanza kwa kuomba kitu. Alianza kwa kushukuru, na shukrani yake ilimhitaji mtu mwenye hali mbaya asimame kule mbali ili ipate la kusema. Mtoza ushuru angeumwa na kichwa siku ile akabaki nyumbani, sala ya Farisayo ingepungua nusu. Na sisi je? Mochwari zikiamka tupu Jumapili moja, ibada ya pili tutasali nini?

Yesu mwenyewe aliletewa habari za watu waliouawa na Pilato, wale Wagalilaya, na yeye akaongezea wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Nafasi ya wazi kabisa ya kusema geukia jirani yako. Hakusema. Aliwauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wenzao, kisha akawageuzia kibao wao wenyewe watubu.

Haya maneno yanavyosikika upande wa pili nayajua, kwa sababu niliwahi kuwa mmoja wa hao "wangapi." Mwaka 2017, kidole tumbo, upasuaji wa usiku, wodi ya kina mama yenye vitanda 12. Siku iliyofuata wakaja wenzangu wa jumuiya, wamebeba machungwa na supu ambayo sikuruhusiwa hata kuinusa. Wakaomba. Mmoja wao, ambaye nampenda mpaka leo na nikifa ndiye atakayepika msibani kwangu, akapaza sauti wodi nzima isikie: "Tunakushukuru Baba kwa kuwa sisi tumeingia humu kwa miguu yetu, na tutatoka kwa miguu yetu!"

Wodi ikanyamaza. Kitanda cha dirishani alikuwepo bibi mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Akasema "Amen." Yeye peke yake.

Sasa niwaambie shukrani nyingine, ya wodi hiyohiyo, na wenye adabu zao waruke aya hii. Mimi nilipopasuliwa tumbo sikupewa cha kula mpaka utumbo uamke, na dalili iliyokuwa ikisubiriwa ni moja tu. Kila nesi akipita: "Mama, umejamba?" Bado. Anaandika kwenye faili. Wa zamu ya jioni naye: "Umejamba?" Bado, dada. Mtu una heshima zako, umesimamia sherehe za watu, leo unaulizwa hivyo mbele ya wageni wa vitanda vyote. Usiku wa pili, kama saa tisa, ikatoka. Ndogo, ya aibu. Nikalia machozi. Nikasema "Asante Yesu" kwa sauti bila kukusudia, na kutoka dirishani nikasikia, "Umejamba?" "Nimejamba, bibi." "Bwana asifiwe!" Akacheka mpaka akajishika paja lenye bandeji, huku analalamika kwamba namuumiza.

Asubuhi nikapewa chai ya rangi, vijiko vichache. Nimekunywa chai nyingi maishani na harusi nyingi nimekula, lakini sijawahi tena kushukuru vile. Hapakuwa na mtu wa kupimwa naye. Yule bibi hakuwa na mguu na alifurahia hewa yangu kuliko mimi.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtanijia. Ni kweli mtu akiona shida ya mwenzake huzinduka. Aliyewahi kulala njaa ndiye anayejua ugali ni nini, na marehemu bibi yangu mwenyewe alikuwa akitukataza kubakiza chakula kwa kututajia watoto wa jirani waliokuwa wakilalia maji. Lakini mumtendee haki marehemu: akishamaliza kutusema, kibakuli kilikuwa kinatoka mlangoni kinakwenda kwa hao watoto. Hiyo sehemu ya kibakuli ndiyo mwinjilisti aliyoisahau. Ukishazinduliwa na mtu aliye mochwari, nenda ukachangie jeneza.

Kuhusu shuhuda za viza, viwanja na magari, leo sina nguvu. Na wale wa "kushukuru ni kuomba tena," hiyo mnayotoa ni advansi, iiteni hivyo.

Sisi Walutheri hatuna hata udhuru, tumekaririshwa. Katekisimu Ndogo, Jumamosi mchana, njaa inauma, mwalimu wa kipaimara kasimama na kifimbo ambacho alikuwa anatuambia ni cha kuonyeshea ubaoni. Luther aliiandika mwaka 1529. Akifika kwenye "utupe leo riziki yetu" anauliza riziki ni nini, halafu anaanza kutaja: chakula, kinywaji, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, anakwenda mpaka serikali njema na hali njema ya hewa, anamalizia na marafiki wema na majirani waaminifu. Tulikuwa tunaikimbiza orodha ile kama treni ya mwendokasi, atakayekosa neno moja arudie. Mimi nilikuwa nakwama kwenye viatu, kwa sababu nilikuwa nimevaa katambuga, na ya kushoto ilikuwa na msumari uliokuwa ukinichoma kisigino kila nikisimama kujibu. Viatu! Mtu kaandika katekisimu ya kanisa zima na kakumbuka viatu. Wakati ule niliona Luther anapoteza muda.

Siku hizi ninachokwama nacho ni mwisho wa orodha. Majirani wamo kwenye riziki. Wako palepale pamoja na mifugo na viatu, ni vitu vya kumwambia Mungu asante. Sisi tumemtoa jirani kwenye orodha tukamfanya mizani.

Wangu ninaye, tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja, na ni Mwislamu. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar nzima ikaingia kwenye mgao wa maji, mtaani kwetu bomba lilikuwa linatoka likijisikia. Alfajiri moja akagonga dirisha langu. Alikuwa kaamka mapema kabla ya sala, kasikia bomba linakohoa. "We mama! Yanatoka!" Nikatoka na kanga, sijui hata kama niliifunga vizuri. Ndoo, beseni, madumu, sufuria la pilau, hotipoti. Tulipokezana mpira mmoja. Kila dumu likijaa, yeye "Alhamdulillahi," mimi "Asante Yesu," tukawa kama kwaya ya sauti mbili isiyokuwa na mwalimu. Dumu langu la mwisho lilipofika nusu, bomba likakata. Akalitazama, akasema "Alhamdulillahi" hata kwa ile nusu, akaenda zake kusali. Mtaa wa pili walikuwa hawajapata hata tone. Hakuwataja. Asubuhi nilimwona mtoto wake anawapelekea ndoo.

Na wale wakoma kumi wa Luka 17, waliopona wote akarudi mmoja tu kushukuru, ambao kila ibada ya shukrani lazima tuchapwe nao, tunawasoma kinyumenyume. "Wale kenda wa wapi?" (Nalipenda sana hili neno kenda, yaani tisa. Watoto wangu wanadhani ni jina la mtu.) Mhubiri akifika hapo anaanza kuwasema wale kenda, nasi tunajiona ni yule mmoja. Lakini yule mmoja hakuwahesabu wenzake hata kidogo. Imeandikwa alirudi "alipoona kwamba amepona." Alijitazama ngozi yake. Pengine alikitazama kidole kimoja, akakikunja, akakikunjua. Aliyewahesabu wale wengine ni Yesu, na aliwahesabu kwa sababu aliwakosa.

Wiki hii nimejaribu kusali bila kumtaja mtu aliye na hali mbaya kuniliko. Jaribuni, mtaona mlivyoharibika. Jumatatu: "Asante Baba kwa chakula hiki, maana wako wengi ambao..." nikajikata. Mume wangu akafungua jicho moja. Jumanne: "Asante kwa watoto wazima, wakati wengine..." nikajikata tena, na ugali unapoa. Ulimi umeshakariri, ukiachiwa unateleza wenyewe kuelekea hospitali. Jumatano nikasema asante kwa mchicha, kwa kisu kipya kinachokata, na kwa dereva wa daladala aliyenisubiri nikikimbia, jambo ambalo wakazi wa Dar mnajua ni muujiza unaostahili kusimama madhabahuni kabla ya hiyo viza yenu. Nikakosa la nne. Mdogo wetu wa darasa la pili akadakia, "na kwa sukari," tukaitikia Amen.

Narudi kwa yule mama, maana hatukuishia kwenye benchi.

Baada ya ibada tulikutana nje kwenye mnada wa sadaka. Mnada wetu mnaujua: nanasi, mkungu wa ndizi, trei la mayai, na kuku mmoja jogoo aliyenunuliwa kwa elfu kumi na tano, akarudishwa kwa Bwana, akanunuliwa tena elfu kumi na mbili, akarudishwa, na mnadi anampandisha hewani mara ya tatu huku jogoo mwenyewe kashachoka kuokoka. Yule mama alikuwa kasimama pembeni chini ya mwarobaini. Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa niaba ya yule mwinjilisti, ya kinanda, na ya mkono wangu uliokuwa tayari kupiga makofi. Sikupata pa kuanzia, nikamuuliza tu mdogo wake alikuwa anaumwa nini.

Akaniambia. Koo, miezi mitano. Siku nne za mwisho hakuweza kumeza hata mate, akawa anageuza uso ukutani wakileta kijiko. Kisha mama akanyamaza, nikadhani ndiyo basi. Mnadi akawa anapiga kelele, elfu kumi mara ya kwanza.

"Alhamisi asubuhi alikunywa uji," akasema. Akafungua kiganja chake cha kushoto, akakiweka cha kulia juu yake, akikadiria kimo. "Kikombe cha bati, hivi. Wa ulezi. Nilimpikia mimi. Akaonja, akaniangalia vile alivyokuwa ananiangalia tangu mdogo, akasema, dada, mbona hauna sukari."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikaongeza. Akamaliza wote."