Laini ya Simu Si Mwenye Simu

Mama yangu mdogo anauza vitenge Marikiti, Mombasa, na kwa miaka mingi daftari lake la madeni lilikuwa la karatasi. Sisi vijana wa nyumbani ndio tuliomshauri azipige picha kurasa zake na kuzihifadhi kwenye wingu, yaani katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, ili hata simu ikitumbukia majini kivukoni Likoni madeni yasipotee. Hatukumuuliza mlango wa wingu hilo unafungwa kwa kitu gani.

Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni ya feri, simu yake ilipoteza mtandao naye akadhani ni hitilafu ya kawaida, kumbe kuna mtu aliyejifanya yeye na kuihamishia namba yake kwenye kadi nyingine. Alipofika dukani, nywila ya akaunti yake ya wingu ilikwisha kubadilishwa kwa tarakimu sita zilizotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba hiyo. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nipo, na simu ninayo mkononi. Vipi mtu mwengine awe ndiye mimi?"

Swali lake ni la haki. Huduma nyingi za wingu humtambua mtumiaji kwa namba ya simu, ilhali namba haikai ndani ya simu. Ni kumbukumbu tu katika mitambo ya kampuni ya simu, na mhudumu mmoja aliyedanganywa au kuhongwa anatosha kuihamisha. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliuweka uthibitisho wa ujumbe mfupi katika kundi la njia za kutumiwa kwa masharti tangu mwaka 2017. Naona ni kosa kubwa kwamba njia hiyo bado ndiyo anayopewa kwanza mteja asiyejua nyingine.

Njia bora ipo. Kwa WebAuthn, kiwango cha kuingia kwenye huduma za mtandaoni bila nywila kilichoidhinishwa mwaka 2019, simu hutengeneza funguo mbili: wa wazi hupewa huduma, na wa siri huduma haiuoni kamwe. Unapoingia, seva, yaani kompyuta ya huduma, hutuma fumbo, nayo simu hulitia saini kwa ufunguo wa siri baada ya wewe kuweka kidole au namba ya kufungulia simu. (Vidole vya mama mdogo vimesuguliwa na kamba za marobota, kwa hiyo yeye hutumia namba, na usalama haupungui.) Kwa kuwa ufunguo umefungamanishwa na anwani halisi ya huduma, tovuti ya kughushi haiwezi kuutumia, hata ikifanana na ile ya kweli kama pacha.

Lakini akaunti ikiendelea kukubali kurejeshwa kwa ujumbe mfupi, kazi yote hiyo ni bure, kwani mwizi atapitia dirishani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia data nchini Kenya aweke kinga za kiufundi zinazofaa, na kwa maoni yangu mwenye huduma ndiye anayepaswa kuliziba dirisha hilo, si muuza vitenge.

Siku tisa zilipita kabla akaunti haijarudi. Tuliiondoa namba ya simu katika njia za kuirejesha akaunti, tukachapisha misimbo ya dharura ya kuingilia akaunti njia nyingine zikishindikana, naye akaibandika kwa gundi ndani ya jalada la daftari lile la zamani, akalifungia kasha.