Kuokota Vyura kwa Magunia Hakuisaidii Australia

Kaskazini mwa Australia watu hutoka usiku na tochi kuokota vyura wa miwa. Magunia yakijaa, hupigwa picha na kila mtu hulala ameridhika. Mimi naiona kazi hiyo ni jasho la bure. Jike mmoja hutaga mayai 8,000 hadi 30,000 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo wachache tu wakibaki bwawani, pengo limezibwa.

Wala vyura hawa hawakujileta. Mwaka 1935 wataalamu wa miwa wa jimbo la Queensland waliwatoa Hawaii, wapatao 100, ili wawale mbawakawa waharibifu. Mbawakawa waliokomaa wako juu kwenye majani, chura yuko chini na kupanda hawezi. Mtaalamu wa wadudu Walter Froggatt alipinga, serikali ikasitisha kwa muda kuwaachilia vyura, kisha mwaka 1936 ikaruhusu tena. (Mauritius nao walishafanya hivyohivyo mwaka 1922, tena kwa chura wa Afrika, wa aina tuliyo nayo hata Kenya na Tanzania.)

Madhara makubwa yanatokana na sumu iliyo kwenye tezi za nyuma ya kichwa. Vyura walipofika mbuga ya Kakadu, kaskazini, mwaka 2001, kwoli, mnyama mla nyama mdogo kuliko paka, karibu atoweke huko. Kenge nao walikufa kwa wingi, maana hawakuwahi kukutana na mlo wa namna hiyo.

Ndiyo maana nawaunga mkono akina Rick Shine, mwanabiolojia wa Sydney, ingawa njia yao inaudhi wengi: wanatanguliza vyura wadogo mahali ambapo kundi kubwa halijafika. Sumu ya mdogo ni kidogo. Kenge akimla huugua bila kufa, na baadaye akimwona mkubwa humpita. Huko Kimberley, kaskazini-magharibi, wamefanya hivyo pamoja na walinzi wa ardhi wa Wabunuba, jamii ya wenyeji wa asili, na kenge waliofunzwa wamesalia.

Lingine ni maji. Kati ya miji ya Broome na Port Hedland, pwani ya magharibi, jangwa limekaribia bahari, na kiangazi chura hawezi kuvuka bila mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Mahali pa mabwawa hayo yakiwekwa matangi na mabirika yasiyovuja, njia ya kuelekea eneo la Pilbara, kusini zaidi, imefungwa. Gharama hiyo asiachiwe mfugaji peke yake. Serikali ilipe, tena sasa, kabla vyura hawajafika.