Nafsi nafsi: ndivyo tulivyo kweli?

Barazani kwetu hapa Mombasa kila ikitajwa Mtongwe, ile feri iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 watu 272 wakafa, hakosekani mtu wa kusema "pale ni nafsi nafsi bwana, hata mamako humjui". Wote wanaitikia kwa kichwa. Mie neno hilo limenikaa vibaya siku nyingi, manake waliosomea saikolojia ya watu kwenye hatari wameona mambo mengine kabisa, japo si yote.

Kwanza wengi wetu wala hatukimbii, tunaganda. Yuko Muingereza, John Leach, amechunguza majanga miaka mingi, asema kama asilimia 10 hadi 15 ndio wanaotulia wakafanya la maana, wengine kiasi hicho hicho wanapayuka na kuharibu zaidi, na hao waliobaki, asilimia 75 hivi, wanapigwa na butwaa tu. Akili ikishtuka haiwezi kupanga kitu kipya, inatafuta ilichozoea, ikikikosa mtu anakaa kama gogo.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Matatu niliyopanda ilianza kutoa moshi kule mbele kwa dereva, tuko kwenye jam karibu na daraja la Nyali, na walahi hakuna aliyeinuka, twatazamana tu, kijana ubavuni mwangu bado anaperuzi simu, mpaka mama mmoja wa buibui kiti cha nyuma akapiga kelele "Shukeni nyie, mwangoja nini!" ndio mlango ukafunguliwa. Hapo hapo watu wale wale waliokuwa wameganda wakaanza kupokezana watoto dirishani, mwengine kambebea kapu mzee asiyemjua hata jina. Mie mkono wangu ulikuwa kwenye kioo muda wote na sikukifungua.

Na si sisi tu. Mabomu ya London ya 7 Julai 2005, mwanasaikolojia John Drury na wenzake waliwahoji walionusurika, wakakuta watu wasiojuana wamefungana majeraha na kugawana maji kizani kule kwenye treni za chini ya ardhi, kwa sababu walijiona wako pamoja kwenye msiba mmoja.

Lakini wa nafsi nafsi nao wana hoja nzito, tena ya baharini. Titanic, 1912, ilizama kwa saa mbili na dakika 40 hivi, wanawake karibu robo tatu wakapona na wanaume mmoja tu kati ya watano. Lusitania, meli nyingine, 1915, ilizama kwa dakika 18 tu, na huko vijana wenye nguvu ndio waliopona zaidi. Halafu watafiti wawili wa Sweden wakapitia ajali 18 za meli, wakaona wanawake walikufa zaidi ya wanaume na mabaharia walipona kuliko abiria. Hilo linauma kulisoma.

Bado siwaungi mkono. Baharia ajua boti ziko wapi na ameshafanya mazoezi, na dakika 18 hazipimi moyo wa mtu. Hata Titanic kuna kapteni aliyetoa amri wanawake na watoto watangulie. Na neno letu hili linaumiza, aliyetoka majini wenzake wakabaki anaonekana mchoyo wa roho yake, kumbe pengine aliganda tu maji yakamtoa. Siku hizi likitajwa barazani nauliza mambo mawili: walikuwa na dakika ngapi, na nani alikuwa wa kwanza kusema?