Sheria ya Ndoa: kubadili 15 kuwa 18 ndiyo kazi nyepesi

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema mwanamume haoi kabla ya miaka 18 na mwanamke haolewi kabla ya miaka 15. Kifungu kidogo cha pili kinashuka zaidi: mahakama inaweza kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14, ikiridhika kwamba kuna mazingira maalumu. Halafu kinakuja kifungu cha 17: msichana aliye chini ya miaka 18 huolewa kwa ridhaa ya baba, baba akiwa amefariki, ridhaa ya mama, wote wakiwa wamefariki, ya mlezi. Ridhaa yake mwenyewe inatajwa kwingine katika sheria hiyohiyo, lakini kwa binti wa miaka 15 anayeishi kwa baba yake, ni rahisi kujua ipi inasikika.

Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume na Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Vifungu havikufutwa papo hapo. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha kasoro badala ya kuibatilisha sheria, na nafasi iliyotolewa ilikuwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha Oktoba 2020, vifungu vikiwa palepale. Majibu bungeni yakawa ni kwamba maoni ya wadau bado yanakusanywa.

Tangu hapo mabishano yameganda kwenye namba. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba upande unaotaka umri wa chini uwe 18 kwa wote una nguvu zaidi kisheria, lakini muswada wa mstari mmoja unaofuta “kumi na tano” na kuandika “kumi na nane” utawaletea wasichana matatizo ambayo wapinzani wa upande huo wamekwisha kuyataja, na baadhi ya hayo si visingizio.

Tuanze na nguvu ya upande huo. Msichana wa miaka 15 hawezi kupiga kura wala kuuza kiwanja kwa mkataba unaomfunga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inamwita mtoto. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(2)(e), inasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama amekubali, isipokuwa awe mke wa mtu huyo, awe ametimiza miaka 15 na wawe hawajatengana. Msichana ni yuleyule na kitendo ni kilekile: kabla ya kufunga ndoa, mtu mzima anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30; jioni baada ya ndoa, hana kosa.

Mwaka 2016 likaongezwa fundo jingine. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu kikafanya kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa la kifungo cha miaka 30, na anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo akawekewa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Nia ilikuwa nzuri. Matokeo yake ni kwamba ulinzi umefungwa kwenye sare ya shule. Binti wa miaka 15 aliye kidato cha pili analindwa vikali kuliko mtoto mwingine yeyote nchini. Jirani yake wa umri uleule aliyeishia darasa la saba anaolewa kihalali kwa neno la baba. Familia zimeliona pengo hilo mapema kuliko wanasheria. Njia inayosimuliwa sana ni ya mtihani wa darasa la saba: binti anaagizwa nyumbani asijibu, au ajaze majibu ya ovyo. Akifeli, hakuna shule ya sekondari inayomdai, hakuna mwalimu mkuu anayeuliza, na mshenga anaweza kubisha hodi bila wasiwasi. (Sera ya elimu inayosogeza elimu ya lazima hadi miaka kumi itaziba sehemu ya pengo hili. Anayeanza akiwa na miaka 6 atamaliza akiwa na 16. Miwili iliyobaki haina mlinzi.)

Upande wa pili una sauti zaidi ya moja, na ni kosa kuzichanganya.

Sauti ya kwanza ni ya dini. Kwa baadhi ya Waislamu kipimo cha kuolewa ni balehe pamoja na uwezo wa kubeba majukumu, ndoa ni ibada, na Serikali kuweka namba ni kuingilia uhuru wa kuabudu unaolindwa na ibara ya 19. Serikali yenyewe iliegemea hoja ya mila na dini ilipokwenda kwenye rufaa. Mahakama ya Rufani ilijibu kwa sheria iliyokwishakuwapo: kanuni za kimila na za Kiislamu hazitumiki katika jambo lililokwisha kuwekewa utaratibu na Sheria ya Ndoa. Jibu hilo linatosha kortini. Kwa shehe anayeulizwa na waumini wake halitoshi, na ndiyo maana mfano wa Indonesia, nitakaoufikia, ni wa maana kuliko hotuba kumi za wanaharakati.

Sauti ya pili inasema wasichana hukomaa mapema kuliko wavulana, na kwamba ndoa ya mapema humkinga binti na aibu ya kuzalia nyumbani. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Kukomaa kwa mwili hakumpi mtu uamuzi wa kuishi na mwenzake maisha yote. Na kama hofu ni mimba, kwa miaka mingi Serikali yenyewe iliikuza: mimba ilimwondoa msichana shuleni hadi Novemba 2021, zuio la kurudi masomoni lilipoondolewa. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja hata kuingia katika ndoa kuwa sababu ya kufukuzwa.

Sauti ya tatu husikika kidogo, nayo ndiyo ya kusikilizwa zaidi. Inatoka kwa watendaji wa kata, maofisa ustawi wa jamii na mahakimu wa mwanzo, ambao hawatetei ndoa za utotoni hata kidogo. Swali lao ni la Jumatatu asubuhi: nifanye nini na waliokwisha kuolewa?

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa swali hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 31 waliolewa au kuanza kuishi na mwanamume kabla ya kufika miaka 18. Kati ya hao, kama 5 walianza kabla ya miaka 15. Namba hiyo ndogo inasema mambo mawili kwa mpigo. Ndoa ya chini ya miaka 15 ni marufuku tangu 1971, ukiacha upenyo wa ruhusa ya mahakama, lakini haijaisha. Anayedhani sheria pekee inamaliza tatizo ana la kujibu hapo. Papo hapo, wale 26 waliobaki wapo ndani ya dirisha lilelile ambalo sheria imeliacha wazi, la miaka 15 hadi 17. Marufuku haifuti, ila inaonekana kupunguza sana.

Sasa Indonesia. Umri huko ulikuwa 19 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Desemba 2018 Mahakama ya Katiba ikasema tofauti hiyo ni ubaguzi na kulipatia bunge miaka mitatu ya kuirekebisha. Bunge likamaliza kazi ndani ya mwaka mmoja: mwaka 2019 umri ukawa 19 kwa wote, katika nchi yenye Waislamu wengi kuliko Tanzania yote ilivyo na watu. Hoja kwamba Uislamu na umri mmoja haviwezi kukaa pamoja inapata tabu hapo. Lakini sheria mpya iliwaachia wazazi mlango wa kuomba ruhusa maalumu mahakamani, na mwaka uliofuata maombi yakaongezeka zaidi ya mara mbili. Morocco ilishapita njia hiyo: sheria yake ya familia ya mwaka 2004 iliweka miaka 18, ikampa jaji uwezo wa kuruhusu chini ya hapo, na majaji wakawa wanakubali sehemu kubwa ya maombi yanayoletwa. Ruhusa ikageuka kuwa utaratibu wa kawaida wenye karatasi nyingi zaidi.

Ndiyo maana kifungu cha 13(2) ni cha hatari kuliko cha 13(1). Mtu anaweza kushangilia namba 18 huku ruhusa ya mahakama ikibaki imejificha chini yake. Malawi ilifanya kosa linalofanana na hilo: sheria ya mwaka 2015 iliweka miaka 18, lakini Katiba ikaendelea kuruhusu wa miaka 15 hadi 18 kwa ridhaa ya wazazi, mpaka iliporekebishwa mwaka 2017. Hata Marekani hili halijatulia. Delaware na New Jersey zilifuta ruhusa zote za ndoa ya chini ya miaka 18 mwaka 2018, zikiwa majimbo ya kwanza kufanya hivyo.

Eneo la pili ambalo muswada unaweza kuvujia ni neno “ndoa” lenyewe. Kifungu cha 9 kinasema ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke. Mkoani Mara, kwa Wakurya, ipo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe na kumwoa msichana ili amzalie warithi kwa mwanamume mwingine. Kisheria hiyo si ndoa kabisa, kwa hiyo umri wa chini wa ndoa haumhusu msichana huyo. Vivyo hivyo kwa binti aliyehamishiwa kwa mwanamume bila sherehe, mahari ikilipwa kidogokidogo. Weka 18 kwenye sheria halafu uone: familia zitaacha sherehe, zitaacha cheti, zitaendelea na mengine yote. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001 ililiona hili, ikaihesabu ndoa ya mapema kuwa pamoja na kuishi kinyumba na mtoto au mpango wowote wa kufanya hivyo. Kipande hicho cha maneno kinafaa kuazimwa kama kilivyo.

La tatu ni uthibitisho wa umri. Sheria inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na taarifa hiyo inataja umri. Inataja tu. Msajili anayeletewa binti asiye na cheti cha kuzaliwa anabaki na neno la baba, na baba ndiye anayesubiri ng'ombe. Tena kifungu cha 41 kinasema kukosa kutoa taarifa au kusajili hakuibatilishi ndoa. Nafuu ipo, nayo haina gharama kubwa: sheria itaje waraka kwa mpangilio, cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha kadi ya kliniki, kisha rejista ya uandikishaji wa darasa la kwanza, na imzuie msajili kuendelea bila mojawapo. Rejista ya darasa la kwanza ndiyo ngumu kughushi, kwa sababu iliandikwa miaka mingi kabla ya posa.

Zanzibar niiache kando, kwa kuwa ndoa si jambo la Muungano na Sheria ya Ndoa haivuki bahari.

Limebaki lile swali la watendaji. Kifungu cha 38 kinasema ndoa ya aliye chini ya umri wa chini ni batili. Ukipandisha umri bila kifungu cha mpito, msichana wa miaka 16 aliyeolewa kihalali mwaka jana, mwenye mtoto mgongoni, anaweza kuambiwa hakuwahi kuwa mke, na kwa kuwa kinga ya kifungu cha 130(2)(e) itakuwa imefutwa, kila usiku mmoja zaidi ni kosa la jinai la mtu anayemlisha. Wanaosema sheria itajaza magereza wanatia chumvi: kesi za sasa za kifungu cha 60A huanguka kwa sababu binti anakataa kutoa ushahidi, au familia mbili zimekaa, zimemalizana, na shahidi hapatikani tena. Ila hofu ya kupoteza matunzo ni ya kweli, na ndiyo inayomfunga binti mdomo. Hakuna msichana atakayemshtaki mwanamume ikiwa zawadi yake ni kurudi kwa baba anayedaiwa arudishe mahari.

Jibu lipo ndani ya sheria hiyohiyo, kifungu cha 160. Kinahusu watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuheshimiwa kama mke na mume. Kifungu kidogo cha pili kinasema hata ikithibitika kwamba hawakuoana, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama ikatoa amri kama ambayo ingetoa kwa ndoa iliyovunjika. Muswada ukiongeza kwamba binti aliyeolewa chini ya miaka 18 anapata haki hizohizo bila kusubiri miaka miwili, kwamba ndoa zilizofungwa kihalali kabla ya tarehe ya kuanza kutumika zinaweza kuvunjwa kwa ombi lake yeye peke yake, na kwamba mahari haidaiwi tena, atakuwa na sababu ya kwenda kwa hakimu. Vifungu vitatu, aya moja kila kimoja. Havijadiliwi sana kwa sababu havina namba ya kubishania.