Vichwa vya treni vya ujenzi: dizeli au betri ndani ya handaki?

Elizabeth line, reli ya abiria inayoviunganisha vitongoji vya London kuanzia Reading na Heathrow upande wa magharibi hadi Shenfield na Abbey Wood upande wa mashariki, ilifunguliwa Mei 2022, na treni zake zote zinakwenda kwa umeme. Abiria anayeshuka kituo cha Farringdon leo hakuti moshi wala harufu ya mafuta. Wakati wa ujenzi, hata hivyo, njia hiyo hiyo ilikuwa ikipitiwa usiku na mchana na vichwa vidogo vya treni vinavyotumia dizeli, na watu waliokuwa wakifanya kazi nyuma ya mashine za kuchimba walivuta hewa ambayo moshi huo uliingia. Swali ninalotaka kulipima hapa ni kama hali hiyo ilikuwa ya lazima, na kama itabaki kuwa ya lazima kwa reli nyingine za mijini zitakazojengwa chini ya ardhi.

Kwanza ieleweke treni hizo hufanya kazi gani. Katika mahandaki ya London udongo mwingi ulitolewa nje kwa mikanda, lakini kila kilichohitajika ndani kililetwa kwa reli ya muda. Ukuta wa handaki ulijengwa kwa pete za zege, na kila pete ilikuwa na upana wa mita 1.6 na vipande vinane: saba vikubwa vya tani zipatazo tatu kila kimoja, na kimoja kidogo cha kufungia. Kwa hiyo pete moja ni tani zipatazo 22, na kila mita 100 za handaki zinadai pete zaidi ya 60. Mashine ikishasukuma mbele urefu wa pete moja, husimama mpaka vipande vipangwe, na kama treni haijafika, mashine ya tani 1,000 na watu wote walio juu yake wanabaki kusubiri. Ndiyo maana mkandarasi huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, kichwa hiki kitafika kila mara kinapohitajika?

Kwa swali hilo dizeli ina jibu zuri. Lita moja ya dizeli imebeba nishati ya karibu kilowati-saa 10, ilhali kilo moja ya betri ya madini ya risasi haifiki hata sehemu ya ishirini ya kilowati-saa. Hata baada ya injini kupoteza zaidi ya nusu ya nishati hiyo kama joto, tofauti inabaki kubwa mno. Tangi hujazwa kwa dakika chache na fundi wa dizeli hapatikani kwa shida. Tena waya wa umeme hutundikwa mwishoni, reli zikishalala mahali pake, kwa hiyo treni ya kazi haiwezi kuutegemea. Reli ya mwendokasi ya Tanzania nayo ni ya umeme, lakini mataruma na kokoto havikuweza kusubiri nyaya. Katikati ya miaka ya 1990, London Underground, shirika la treni za chini ya ardhi za London, lilipokuwa likirefusha Jubilee line, mojawapo ya njia zake, liliagiza kwa kampuni ya Schöma ya Ujerumani vichwa 14 vya dizeli kwa ajili ya ujenzi huo. Vilipewa majina ya wanawake, kimojawapo kikiitwa Britta Lotta, na ujenzi ulipokwisha vilibaki kuhudumia njia. Uamuzi ule haukuwa wa kizembe.

Hata hivyo anayedhani betri ni jambo jipya lisilojaribiwa amekosea sana, na historia ya London yenyewe inamsahihisha. Mji huo ulifungua reli ya chini ya ardhi mwaka 1863 kwa vichwa vya mvuke, na kwa miongo kadhaa abiria wakakohoa. Mwaka 1905, ilipokuwa ikijengwa njia ambayo leo ni sehemu ya Piccadilly line, vilitumika vichwa viwili vya betri vilivyotengenezwa na Hurst Nelson wa Motherwell, Scotland. Katika miaka ya 1930 vikafuata vingine vyenye uwezo wa aina mbili: kuchukua umeme kwenye reli ya umeme pale unapokuwapo, na kutumia betri pale unapozimwa ili mafundi wafanye kazi kwa usalama.

Uzito wa betri, ambao kwenye gari ni hasara, kwenye kichwa cha treni ni faida kwa kiasi fulani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kwa uzito. Tuchukue kichwa cha tani 25 ambacho mshiko wake ni moja ya tano ya uzito huo, yaani nguvu ya kuvuta ya tani tano. Kwenye njia tambarare ya muda, tukikadiria ukinzani wa kilo 10 kwa kila tani, kinaweza kusogeza tani 500. Kwenye mwinuko wa asilimia 3 ukinzani unapanda hadi kilo 40 kwa tani, na uwezo unashuka hadi tani 125, kichwa chenyewe kikiwamo. Katika hesabu hiyo haijalishi nguvu inatoka kwenye tangi au kwenye betri, na kichwa chepesi zaidi kingevuta mzigo mdogo zaidi. Betri inapozidiwa ni kwenye saa za kazi, kwa sababu mwinuko ule ule unaila chaji haraka.

Upande wa afya ndio unaonisukuma zaidi. Mashine ya kwanza ya kuchimba njia ya Elizabeth line, iliyoitwa Phyllis, ilianza kazi Mei 2012. Mwezi uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Baadaye Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 0.05 za kaboni ya moshi huo kwa kila mita ya ujazo ya hewa mahali pa kazi. Kikomo hicho kilianza kutumika Februari 2023, lakini migodi na ujenzi wa mahandaki vikaongezewa muda hadi Februari 2026. Nyongeza hiyo inaeleza mengi: waliopewa ulinzi mwishoni ni wale ambao hewa yao ni finyu kuliko ya wengine wote. Dizeli haileti moshi peke yake, huleta pia joto, na vyote viwili hudai feni kubwa zaidi na umeme wa kuziendesha.

Betri nayo ina hatari zake, na si haki kuzifunika. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, hivyo chumba cha kuchajia lazima kipitishe hewa vizuri na kiwe mbali na cheche. Betri ya lithiamu hubeba zaidi na huchajiwa haraka, lakini ikishika moto huwa vigumu kuuzima na moshi wake ni sumu, na moto ndani ya bomba lenye mlango mmoja tu ni jambo ambalo kila mchimbaji analiogopa. Kuna pia gharama ya betri za akiba, ya mtambo wa kuzibadilisha na ya mafundi wa umeme katika kila zamu. Kwa mkandarasi ambaye tayari ana vichwa vya dizeli vilivyolipiwa na kazi iliyopita, ni rahisi kuelewa kwa nini anapendelea kuendelea navyo.

Lakini hapo ndipo ninapoona hesabu imepotoka. Bei ya kichwa cha treni huandikwa kwenye jedwali moja, feni na umeme wake huandikwa kwenye jedwali lingine, na mapafu ya mfanyakazi hayaandikwi popote, kwa kuwa maradhi yakija baada ya miaka 20 mradi umekwisha na kampuni imehamia nchi nyingine. Mwenye reli, ambaye kwa kawaida ni serikali, ndiye pekee anayeziona gharama hizo zote tatu kwa pamoja, na ndiye anayepaswa kuligeuza swali katika mkataba. Kwenye njia ya wazi, ambako treni ya kokoto inatembea makumi ya kilomita chini ya anga, dizeli iendelee kwa sasa. Ndani ya handaki betri iwe ndiyo kawaida, na mkandarasi anayetaka kuingiza dizeli aonyeshe kwa vipimo vya mwinuko, uzito na zamu kwamba betri haitoshi. Akishindwa kuonyesha, aache. Akiweza, kama inavyoweza kutokea kwenye mwinuko mrefu au kwa kichwa kimoja cha uokoaji kinachosubiri pembeni, apewe ruhusa ya muda maalumu, na hewa ipimwe kila zamu pale walipo watu, yaani kwenye jukwaa la kupangia pete, si mlangoni kwenye upepo.