Behewa la TAZARA lisiishie Kapiri Mposhi

Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia inayotoka Dar es Salaam, ikifika New Kapiri Mposhi nchini Zambia, safari ya reli imeisha. Watu wanashusha mabegi, watoto wanaamshwa, na anayekwenda Lusaka anaanza kutafuta basi. Lusaka iko kama kilomita 200 mbele, na reli ya kufika huko ipo.

Mabehewa haya yametengenezwa kwa reli yenye upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, na SGR yetu, reli mpya ya kisasa, 1,435. Kwa hiyo behewa la TAZARA haliwezi kukanyaga njia ya Kigoma wala ya Dodoma, na pale Kidatu, reli mbili zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe. Lakini ukivuka mpaka wa Tunduma kwenda kusini, upana ni uleule: Zambia, Zimbabwe, hadi Afrika Kusini. Waliojenga TAZARA, Reli ya Uhuru, kuanzia 1970 hawakubahatisha kipimo hicho.

Na njia inapitika. Treni ya kitalii ya Rovos Rail husafiri kati ya Cape Town na Dar es Salaam, ikipita Kapiri Mposhi na watalii wake wamo ndani. Mama aliyepanda Mbeya na vifurushi vyake, yeye anashuka. Hilo linaniuma.

Nayapenda mabehewa haya. Daraja la kwanza vitanda vinne, la pili sita, wanawake chumba chao na wanaume chao, isipokuwa familia imekata chumba kizima. Meza ndogo dirishani, chini yake viatu vya watu ambao jana hamkujuana, na leo mnagawana ndizi. Ukifika mpakani huna haja ya kushuka. Maofisa wa uhamiaji wa Tanzania wanapanda na mihuri yao, unagongewa pasipoti ukiwa umekaa kitandani. Ng'ambo, Nakonde, wanapanda wa Zambia, nawe unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. (Mgeni wa safari hii hushangaa kugundua ameongezewa saa nzima ya kulala.)

Yaani kile kigumu, mpaka wa nchi mbili, kimeshawezekana humo humo ndani ya behewa. Kilichobaki ni kipande cha reli kilicho ndani ya Zambia yenyewe, kati ya TAZARA, ambayo Zambia inaimiliki nusu kwa nusu na Tanzania, na shirika la reli ambalo ni la Zambia peke yake. Kinahitaji ratiba ya pamoja, kichwa cha treni cha kulipokea behewa, na makubaliano ya kugawana nauli. Sioni mlima hapo.

Mwaka 2025 serikali zetu mbili zilitia saini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua reli hii kwa dola bilioni 1.4. Mazungumzo mengi ni ya shaba na bandari, na naelewa, mzigo ndio unaolipa. Ila naomba abiria asiwe wa kukumbukwa mwishoni, mabehewa mapya yasije yakawa ya viti pekee bila vitanda kwa safari ya kulala njiani, na wanaopanga ratiba sasa waizungumzie safari ya hadi Lusaka kabla ufufuaji wa reli haujakamilika.

Nataka siku moja nisimame dirishani pale stesheni ya Barabara ya Nyerere, nitoe hela, nipewe tiketi ya kitanda iliyoandikwa Dar es Salaam–Lusaka.