Eti ardhi kavu, na ukaguzi wenyewe siku ya maji mafu

Juzi nimetumiwa ripoti ya mradi mmoja wa nyumba za wageni huku Lamu bara, ile ploti iliyo nyuma ya mikoko, na pale pa kueleza aina ya ardhi wameandika "ardhi kavu isiyotumika". Nikaangalia tarehe waliyokagua nikaihesabu na mwezi, kumbe ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama, maji mafu kabisa, bahari haipandi sana, tena katikati ya kaskazi, mvua hamna. Siku hiyo hata mimi ningesema kavu.

Basi nikaenda na ami yangu, ujana wake wote alikuwa mkata boriti za mikoko. Hakutazama maji hata kidogo, alichuchumaa tu akaanza kunionyesha: matundu ya kaa, mboga ya pwani, ule mmea unaotambaa penye chumvi, imetambaa mpaka kwenye bikoni ya serveya, na vichu, yaani michu midogo, ni aina ya mikoko, vifupi vya magotini na mizizi yao imechomoza kwenye udongo kama penseli. Chumvi nyeupe juu ya tope. "Hapa ni baharini mwanangu," akasema, "bahari imetoka tu, mwezi kumi na tano itarudi."

Na sheria iko upande wa ami, hilo ndo linaniudhi. EMCA ya 1999, sheria ya mazingira ya Kenya, inasema ardhioevu ni mahali panapofurika maji daima AU kwa msimu, na mimea na wanyama wake wameshazoea hali hiyo, na inaingiza hadi maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 maji yakipwa. Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ambao Kenya iko ndani tangu 1990, nao unahesabu hata pale penye maji ya muda tu. Sasa hilo neno kavu limetoka wapi?

Mi sipingi mradi, watoto wetu wanataka kazi na anayesema hazitakiwi huku aje aseme mbele ya vijana wa gatini. Ila ukishaandika kavu ndo kila kitu kinafuata, unamwaga kifusi, unapiga ukuta, bamvua likija, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hayana pa kutandaa yanaingia kwa jirani, na ile michu ya nyuma iliyozoea kupata maji mara mbili tatu kwa mwezi inakauka polepole hadi watu waseme ilikufa yenyewe. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu jamani. Tena wanaohesabu miti hawalihesabu hili jangwa la chumvi nyuma yake, na mikoko ikitaka kusogea bahari ikipanda, itasogea wapi kama si hapo?

Kwangu mimi dawa ni nyepesi: ukaguzi ufanywe mara mbili, siku ya bamvua na baada ya masika, na mpaka uchorwe pale mboga ya pwani inapoishia, sio pale maji yalipokuwa asubuhi ile konsaltanti alipofika na viatu vyake safi.

Leseni ikitoka kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye tribunali ya mazingira, na ni hiyo hiyo tribunali iliyofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe hapa kwetu Juni 2019, kwa hiyo msiseme haiwezekani. Mwezi kumi na tano nitakuwa pale kwenye bikoni na simu yangu, maji yakijaa. Mwenye mashua na aje, kwa miguu hatutafika.